Maziwa ya Zuwena

Mwanangu, katika siku zote nilizongoja mtoto ipo moja nisiyoweza kuisahau. Ni siku simu ilipolia kutoka Unguja, nami nikaijibu vibaya.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi na mke wangu Raya tulikaa Al-Khuwair, mtaa wa Maskati. Nilikuwa karani wizarani, nina gari na nyumba, mtoto sina. Tulizunguka kwa madaktari mpaka Raya akasema basi. Tukaomba kulea mtoto kwa kafala kutoka nyumba moja ya mayatima huko Unguja walikozaliwa wazee wetu. Kafala ni kumlea mtoto kama wako, naye akabaki na jina la baba yake. Karatasi zetu zilipokubaliwa tukaambiwa tungoje. Akipatikana mtoto wa kutufaa, mama mkuu wa nyumba ile angetupigia.

Kungoja kule kulinitoa akili. Raya akishika simu kuzungumza na mama yake, mimi nimemsimamia namwonesha saa.

"Wakitaka watapiga tena," huniambia. "Au unadhani wana mtoto mmoja tu, wanamnadi?"

Tulikuwa na jambo la pili la kufikiria, nalo ni maziwa. Mtoto wa kulea akishakua si maharimu wa waliomlea. Akiwa wa kiume, Raya atajifunika mbele yake; akiwa wa kike, yeye atajifunika mbele yangu, ndani ya nyumba aliyokulia. Njia ni anyonyeshwe na ndugu wa damu wa mmoja wetu kabla hajatimia miaka miwili, maziwa yamfanye maharimu. Kwa mvulana tulikuwa na mdogo wake Raya, ambaye alikuwa amejifungua karibuni. Kwa msichana ingebidi maziwa yatoke upande wangu, na mimi nilikuwa na dada mmoja tu, Zuwena.

Na Zuwena nilikuwa sisemi naye.

Kosa lake lilikuwa kuolewa na Nassor, fundi wa magari mwenye gereji Wadi Kabir. Watu wake Nassor walirudi Oman kutoka Tabora, sisi tulitoka Unguja. Nyinyi leo mtacheka, lakini wakati ule wapo waliojiona bora kwa mji waliotokea, na mimi nilikuwa mstari wa mbele. Nilisema hadharani kwamba dada yangu anakwenda kufua ovaroli za mtu wa bara. Baba akamwoza kwa furaha. Mimi harusini sikwenda.

Basi nikaomba mvulana, nikajiona nimemaliza.

Simu ilipolia Raya hayupo. Mama mkuu alikuwa na sauti ya furaha. "Mtoto kapatikana, bwana. Ana afya, mcheshi, anamchekea kila mtu. Wa kike."

"Wa kike?"

"Wa kike. Mnamtaka?"

"Tutangoja wa kiume," nikasema.

"Haya. Kesho asubuhi ntawaambia watu wengine wanaongoja."

Raya aliporudi nilimweleza kwa sauti ya mtu anayesema kuwa fundi wa maji hakuja. Akakaa kitini na buibui lake, hakulivua.

"Ulimwuliza nani kabla ya kujibu?"

"Raya, msichana atanyonyeshwa na nani?"

"Na dada yako. Ana mtoto mchanga."

"Unajua hali yetu."

"Naijua. Wewe hukumkataa mtoto. Umekataa kwenda Wadi Kabir." Akasimama. "Nipe nauli ya teksi. Nakwenda kumwomba mwenyewe, na mumewe akiniuliza uko wapi, ntamwambia kweli."

Nikachukua ufunguo wa gari.

Nassor alikuwa chini ya pikapu. Akatoka kwa mgongo, mikono myeusi kwa oili, na aliponiona uso ukamkunjuka. "Shemeji! Gari imekufia wapi?"

Hakunikejeli, mwanangu. Hakuona sababu nyingine ya kunifikisha kwake.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya gereji. Zuwena alisimama mlangoni, mwanawe kiunoni.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi umepotea. Wizara ziko upande ule."

Nikamweleza palepale mlangoni, jua la saa tisa likinipiga kisogoni. Nilimweleza habari ya Unguja, ya mtoto, na ya jibu nililolitoa. Alinisikiliza bila kunisaidia. Nilipomaliza hayo nikaanza jengine: "Zuwena, na yale maneno yangu juu ya—"

Akainua mkono. "Mtoto anakuja lini?"

"Sijui. Karatasi huenda zikachukua muda."

"Huyu nilitaka kumwachisha ziwa mapema. Simwachishi tena."

"Ahsante, dada yangu, sijui nikulipe—"

"Ahsante ya nini? Simnyonyeshi mtu mzima, namnyonyesha mtoto. Ingia ndani, usije ukaanguka hapa watu wakasema nimekupiga."

Nassor alicheka, akanawa mikono, akatumiminia kahawa yeye mwenyewe. Kwa simu ya gereji yake nilipiga Unguja, nikasema tunamtaka. "Safari hii umeshamwuliza mkeo?" mama mkuu akaniuliza. Nikamwambia nimeshamwuliza. "Basi wale wengine siwaambii."

Karatasi zilikawia kupita alivyodhani yeyote kati yetu. Mtoto anakua kule, na kila ikipigwa simu tunaambiwa bado muhuri mmoja. Wakati wote huo Zuwena alikuwa akiyatunza maziwa yasikauke. Mwanawe ana meno, anatembea, anakimbia, bado yuko kifuani. Majirani wakimtania, anawajibu, "Huyu ataniletea mchumba huku ananyonya." Alipungua mwili, joto la Maskati unalijua, na mimi sikumsikia hata mara moja akiuliza karatasi zimefika wapi. Raya ndiye aliyeuliza kila siku. Zuwena alikula, akanywa maji, akanyonyesha.

Rukia alifika akiwa anatembea, na miaka miwili i karibu. Alilia akimwona kila mmoja wetu. Tena alizoea chupa, ziwa halijui. Zuwena akahamia kwetu na mwanawe. Siku ya kwanza mtoto akakataa, na siku zilizofuata vilevile. Mimi nikaanza kuhangaika, nikasema labda abanwe kidogo.

"Jaribu wewe kumbana mtu ale," Zuwena akaniambia. "Toka, katafute kazi ya kufanya."

Akawa anamnyonyesha mwanawe mbele ya Rukia, anaimba, anacheka, hamwiti. Rukia akiangalia kutoka nyuma ya kiti. Asubuhi moja alimwendea yule mvulana, akamvuta shati, akamsukuma, akapanda mahali pake. Raya akapiga kigelegele hata mtoto akashtuka, kisha akaendelea kunyonya.

Leo Rukia ni mtu mzima, jina lake la baba analo. Anakaa nami sebuleni kichwa wazi, ananigombeza kwa sukari, ananiita mjomba. Anamwita Raya mama, na Zuwena pia anamwita mama.

Lakini yale niliyoanza kuyasema mlangoni sikuyamaliza. Zuwena aliponinyamazisha kwa mkono wake, nafsi yangu ilifurahi. Miaka nimekula kwa Nassor, magari yangu ameyatengeneza, nikadhani kukaa naye vizuri kunatosha. Akafariki. Nilimzika kwa mikono yangu na sijamwambia. Baadaye ndipo nilipomwambia Zuwena, peke yetu.

Akanitazama kwa huruma. "Nassor alishakusamehe zamani," akasema. "Lakini angependa kuyasikia."

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu unayengoja mtoto leo. Wengi watakushauri juu ya karatasi na vitanda. Mimi nakwambia angalia ndugu uliyemfungia mlango, umwendee kabla hujamhitaji. Na ukifika kwake useme mpaka mwisho, hata akiinua mkono, hata akikukaribisha kahawa. Wema wa mtu usiufanye ruhusa ya kunyamaza. Na atakayeletwa, wa kike au wa kiume, mpokee kama alivyo, maana hata yeye alikuwa akingoja.

Mungu akuletee mtoto salama, akujaalie ndugu mwenye moyo kama wa Zuwena, na akupe ulimi mwepesi kuliko wangu. Amina.