Chemchemi Chini ya Chai Iliyokatwa

Chai yetu ilipokatwa matawi ili ichipue upya, nyanya yangu, kogo kama tunavyomwita, alibeba vijiti vyote akavipeleka jikoni. Kuni za chai huwaka vizuri, na magoti yake hayakutaka tena safari za kutafuta nyingine. Udongo ukabaki wazi mbele ya jua, na magugu yakaamka kana kwamba yameitwa. Kuinama na jembe hakuweza. Akamwita mtu mwenye bomba, akapuliza dawa ya kuua magugu shamba lote.

Jioni hiyo mvua ilishuka kutoka milima ya Mau.

Chini ya shamba kuna chemchemi ambayo kogo aliizungushia ua kwa mikono yake. Jirani yetu, mama ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri, amechota hapo tangu aolewe. Haukupita muda, nyasi za ukingoni zikageuka rangi ya tumbaku. Vyura wakanyamaza. Jirani akaanza kupita langoni na mtungi wake, akielekea mtoni, mbali, bila neno. Kila alipopita, kogo aliacha alichokuwa akifanya.

"Heri angenitukana," aliniambia. "Tusi huisha."

Asubuhi moja jirani aliingia, akauweka mtungi chini.

"Cucu," alisema, yaani nyanya kwa lugha ya kwao Nyeri.

"Mimi si cucu. Mimi ni kogo."

"Kogo basi. Mkaidi ni mkaidi tu. Vile vijiti ni blanketi ya chai, huachwa chini vifunike udongo, magugu yasiote. Wewe umepikia ugali blanketi."

"Sasa nipikie nini?"

"Nitakuletea magunzi ya mahindi."

"Magunzi! Yanaisha kabla maji hayajachemka."

"Basi kula unga."

Kogo akacheka, mara ya kwanza tangu ile mvua. Kisha akauliza polepole, "Na maji?"

"Siyaamini bado, nisikudanganye. Lakini dawa isirudi."

Kogo aliingia jikoni, akatoka na mzigo wa vijiti vilivyobaki. Tukashuka shambani sote watatu. Jirani aling'oa magugu yaliyoanza kurudi, mimi nikatandaza vijiti, na kogo, ameketi kwenye kigoda, akatuonyesha kila pengo tuliloliruka.

Jua lilipokuwa utosini, jirani aliinua mtungi wake, bado mtupu, akashika njia ya mtoni. Kogo akainuka kwa magoti yale yale, akamsindikiza hadi langoni.