Dereva Aliyefanywa Mshauri

Delbert Roush alimwendesha Gavana wetu, na kwa kuwa alikaa kiti cha mbele, alijiona naye anatawala. Siku ya chakula cha pamoja kanisani, sahani imefurika kuku na saladi ya viazi, utamsikia: "Barabara ile tumeamua isubiri." Mmeamua na nani? Kazi yake ilikuwa kukanyaga mafuta na breki.

Mama yake, Bi Verna, anakaa mtaani kwetu hapa Hadley Fork, chini ya kiwanda cha rangi. Majira yale ya baridi Delbert alianza kumletea maji ya chupa, katoni juu ya katoni, anayashusha mbiombio kama magendo. Bi Verna alipouliza maji ya bomba yana nini, akajibiwa hayo ni mambo ya serikali. Bibi huyo hana kifua cha kuweka neno. Habari yote aliimwaga saluni, na mji mzima ukaanza kujiuliza huyu anajua nini kuhusu bomba letu.

Loretta, jirani yao, mwanawe alikuwa ametoka vipele mwili mzima. Alimfuata Delbert garini akamuuliza waziwazi kama maji ni mabaya. Delbert akapandisha kioo. Mtu aliyezaliwa mtaa huuhuu, akapandisha kioo.

Loretta akaenda kwa Seneta Idella Prather, mwenyekiti wa kamati ya bunge la jimbo, na Delbert akaitwa kuhojiwa.

Hapo ofisi ya Gavana ikaonyesha akili zake. Kwetu kuna kinga: wanachoshauriana Gavana na washauri wake, bunge halikiulizi. Sikatai. Mtu akiogopa kila neno lake litatoka gazetini, hatatoa ushauri, ataitikia tu. Lakini kujua kuwa watoto wanakunywa sumu si ushauri, na dereva si mshauri. Basi Whitcombe, wakili wa Gavana, mtu mwenye meno mengi kuliko aibu, akapata dawa: Delbert afanywe mshauri. Mshauri Maalumu wa Gavana, Masuala ya Usafiri. Wakamchapia na kadi za jina. Alizigawa mgahawani mpaka kwa mkaanga mayai.

Siku ya kikao alivaa tai mpya. Whitcombe alikaa nyuma yake akimnong'oneza, naye akirudia kama kasuku kwamba hilo lina kinga. Gavana alizungumzia maji ya Hadley Fork? Lina kinga. Alizungumzia hata hali ya hewa? Lina kinga. Watu wakacheka. Loretta hakucheka, alikuwa amempakata mtoto, mikono yake midogo imefungwa bandeji.

Seneta Prather akavua miwani, akalainisha sauti.

"Mshauri Maalumu. Si haba, Bwana Roush. Cheo hicho umekuwa nacho tangu lini?"

Whitcombe aliinama kunong'ona, akachelewa.

"Tangu Jumatatu, Mheshimiwa," Delbert akasema, kifua mbele. "Gavana mwenyewe alinipa mkono."

"Hongera. Na kabla ya Jumatatu?"

Kifua kikashuka. "Dereva."

"Basi namtaka dereva. Majira ya baridi, ndani ya gari, Gavana alisema nini kuhusu maji yale?"

Whitcombe akasimama kupinga. Mwanasheria wa kamati akamwambia akae, kinga ya cheo cha Jumatatu haifuniki maneno ya miezi iliyopita. Delbert aligeuka nyuma kutafuta wa kumnong'oneza, akakuta Whitcombe anafunga mkoba aondoke.

"Alisema yana sumu ya kiwandani," akasema. "Akasema tukae kimya uchaguzi upite."

Loretta ndiye aliyesema, wala hakupaza sauti:

"Na wewe ukampelekea mama yako chupa."

Bomba lilifungwa wiki ileile, malori ya maji yakaja, na mtoto wa Loretta akaanza matibabu ambayo angepaswa kuyapata zamani. Delbert alipoteza cheo na usukani kwa mpigo. Sasa anashinda mgahawani akisimulia jinsi dhamiri ilivyomsukuma kusema ukweli. Loretta akimsikia, hunyanyua kikombe chake akahamia meza ya mbali, na Bi Verna, mama mzazi wa mtu, humfuata hukohuko.