Shule Inayofuata Mashine ya Kufulia

Mkwe wa Halina, mke wa mwanawe pale mjini Lublin, Poland, anawafundisha watoto wake nyumbani, na ameshachana ratiba sita za masomo tangu Septemba. Sasa wote wanne wanasomea jikoni kwa kufuata mashine ya kufulia. Ikijaza maji, wanasoma. Ikizunguka polepole, wanafanya hesabu. Ikianza kuruka, wote huikimbilia kuikalia, na hayo ndiyo mapumziko. Yeye hupita katikati yao akikunja soksi, penseli kaichomeka kwenye nywele, sauti yake ya chini, maana ngurumo ile haishindiki.

“Mwanangu, mtihani ni Juni,” Halina alimwambia Jumanne, akikata keki ya mpopi, iliyojaa vijimbegu vyeusi. “Wakifeli wanarudishwa shule. Utasema walifundishwa na mashine?”

“Nitasema walitakata, mama.”

Mara mashine ikakohoa, ikazimika katikati ya hesabu. Mkwe akaganda na soksi moja mkononi. Watoto hawakuinua vichwa. Jagoda, mkubwa wao, aliendelea kumnong’oneza mdogo wake kwamba saba mara nane haiwezi kuwa hamsini. Zikapita dakika tano, zikapita kumi, hesabu bado zinaendelea. Halina akaweka kisu chini taratibu, akamwinamia mkwe sikioni.

“Wewe, ole wako umwite fundi.”