Mtani Aliyemdhamini Mathias

Mathias Lugembe alikaa Bukene wiki tatu, na wiki hizo zimemgharimu kuliko miaka yote aliyotunza ghala la kiwanda cha mafuta ya alizeti hapa Tabora, mpaka kiwanda kilipofungwa.

Bukene kwenyewe hakukuwa na kisa. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga alimwita akawe msimamizi. Mathias akapanda treni, akafika, akamkuta msimamizi mwingine: shemeji wa mwenye mashine, ambaye hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwondoa. Wasimamizi wawili, mashine moja, kiti kimoja. Wakawa wanapokezana kukaa. Wiki ya tatu shemeji alikuja na mto wake wa kukalia, akaufunga kitini kwa kamba. Mathias akaelewa, akaaga, akarudi kwake. Hakuiba, hakufukuzwa, hakugombana na mtu. Lakini Tabora ina hesabu zake: mtu akirudi kutoka kazini kabla mwezi haujaisha, ama kadokoa, ama kafumaniwa. Kwa hiyo hakumsimulia mtu, isipokuwa mkewe Consolatha, na Mfaume.

Mfaume alikuwa fundi wa milango, Mzaramo wa asili, ingawa habari za Uzaramo alizipata redioni kama watu wengine. Babu wa babu yake alikuja na msafara kutoka pwani, akasema anapumzika kidogo. Mathias ni Mnyamwezi. Basi wakawa watani, kwa kuwa utani wa makabila haya ulizaliwa njiani humo humo, watu walipogundua kwamba kuchekana kunachosha kidogo kuliko kupigana. Miaka nenda miaka rudi, Mfaume hakupita mlangoni kwa Mathias bila kumwita mpagazi, na Mathias hakuacha kumuuliza ngoma ya leo inachezwa wapi.

Sasa Bi Shamila, mnunuzi wa asali mwenye ghala njia ya Kwihara, akawa anatafuta msimamizi. Bi Shamila hana imani na makaratasi. Kwake mwombaji huja na mdhamini mwenye miguu na mdomo. Nyumba ya Mathias ilikuwa inaendeshwa na vitumbua vya Consolatha tangu kiwanda kifungwe, na vitumbua vilikuwa vimeanza kuchoka. Mathias akaenda kwa Mfaume.

"Nitakuja," Mfaume alisema, anapiga randa.

"Na ile ya Bukene niiseme?"

"Bukene ya nini? Wiki tatu si kazi, ni ziara. Mtu akimuuguza mgonjwa wiki tatu, utasema kawa daktari? Sema ulikuwa unalima."

"Akija kujua?"

"Ajulie wapi? Mdhamini wako si mimi? Tua mzigo, mpagazi wewe."

Mathias akatua.

Siku ya usaili Bi Shamila aliwakaribisha ghalani, kati ya ndoo za asali, vibarua wakipita na kupita. Aliuliza habari za kiwanda, akaridhika. Akauliza: "Kilipofungwa ukafanya nini?"

"Nililima, mama."

Wala hakudanganya. Alilima, ukitoa wiki tatu.

Bi Shamila akamgeukia Mfaume. "Na wewe mdhamini, unasemaje? Mtu wako anafaa?"

Mfaume akajiweka sawa kwenye kigoda. "Mnyamwezi huyu? Mama, usione kifua. Babu zake walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, kwa miguu. Huyu kaenda Bukene kwa treni, kazi yenyewe ya kukaa kitini, wiki tatu ikamshinda. Kiti, mama! Kilimshinda kiti!"

Vibarua wakaangua kicheko. Bi Shamila akacheka. Mathias naye akacheka, maana mtani akikutania hadharani ukanuna, aliyekosa adabu ni wewe. Alicheka vizuri tu, hata kicheko chake kikachelewa kwisha.

Wa kwanza kunyamaza alikuwa Bi Shamila. "Bukene kulikuwa na nini?"

Mathias akaeleza: shemeji, kiti, mto, kamba. Angeeleza mapema, kingekuwa kichekesho cha kuanzia kazi. Sasa kilikuwa utetezi, na utetezi wenye mto ndani yake haumsaidii mtu.

"Bukene hainihusu," Bi Shamila alisema kwa upole. "Hata ungekaa siku mbili ningekuelewa. Nimekuuliza, ukanionyesha jembe. Siku asali ikipungua utanionyesha nini, baba?"

Nje, Mfaume akampiga begani. "Utani tu, mpagazi. Ulitaka mtani akusifu?"

"Ni kweli," Mathias alisema, na siku kadhaa aliulaumu ulimi wake mwenyewe. Kisha Consolatha akarudi na habari kutoka sokoni: Bi Shamila kapata msimamizi. Kijana Uwesu, mpwa wa Mfaume. Mdhamini wake Mfaume.

"Na yeye alimtania?" Consolatha aliuliza.

"Sijui."

"Mimi najua. Kamsifu."

Mathias akatafuta pa kulalamikia, hakupaona. Mtani hashtakiwi popote. Ukimshtaki, watu watakuuliza kwani huna utu. Mfaume aliendelea kupita asubuhi: "Mpagazi, hujambo?" Mathias aliendelea kuuliza ngoma iko wapi, kwa mazoea tu.

Kabla mvua hazijaisha, mama yake Mfaume alifariki. Katika msiba wa Mzaramo, Mnyamwezi ana kazi yake. Hulala njiani jeneza lisipite, huigiza sauti ya marehemu, husema lolote kwa yeyote, mpaka waliofiwa wacheke huku wanalia.

"Siku yako ndiyo hiyo," Consolatha alimwambia akimnyooshea shati. "Mji mzima utakuwepo. Uwesu umseme, Bukene uimwage yote. Nani atakuzuia?"

Jeneza lilipotolewa, wabebaji wakapunguza mwendo wenyewe, wakimpa nafasi alale. Mathias akavua kofia, akasogea pembeni, akawapisha. Makaburini hakushika koleo la mtu kumzuia asifukie. Mazishi yakaenda kwa utulivu, na bila kicheko hata kimoja.

Baadaye akamfuata Mfaume, akampa mkono.

"Pole sana, Bwana Mfaume. Mungu amlaze mama mahali pema."

Mfaume hakuuachia mkono. "Mnyamwezi, leo hutuzuii? Mama alikungoja wewe. Sema neno."

"Poleni sana, bwana, wewe na familia," Mathias alisema, kama wasemavyo watu waliokuja na gari la ofisi.

Waliokaa karibu wakatazamana. Mathias akautoa mkono wake taratibu, akavaa kofia, akaondoka. Mfaume alibaki amesimama pale pale, bado anangoja tusi.