Ndoto ya Zuhura

Nilipokuwa na miaka tisa, nyumbani kwetu Matogoro, watu wazima walibishana siku mbili wakinigombea mimi, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Bibi, mama yake baba, alipenda kusimulia kwamba marehemu mama yake alikuwa mwonaji. Alimjua mgeni kabla hajabisha hodi. Ng'ombe akipotea, alitaja bonde alilomo. Bibi alisema kipawa kile kiko kwenye damu ya ukoo, kinaruka wengi kisha kinamwangukia mmoja. Baba, aliyekuwa katekista, hakutaka kusikia. "Mama, vipawa anatoa Mungu," alikuwa akisema. "Humpa amtakaye."

Tuliishi na Zuhura, msichana wa rika langu. Mama yake, mwuza korosho kutoka Tunduru, alikuwa rafiki wa mama yangu sokoni. Alipofariki, mama akamchukua binti yake. Tulilala kitanda kimoja. Bibi hakumchukia, ila alimwita "mtoto wa watu", hata akimpa chakula.

Asubuhi moja, tukienda kuchota maji, Zuhura aliniambia ameota shimo la udongo wa matofali, pale alipokuwa akichimba baba mdogo Deo. Aliliona likijifunga, na baba mdogo yumo ndani.

Tulipokaa kunywa chai nikaropoka, "Baba mdogo, usiende shimoni leo. Litakufukia." Sikusema nimeota mimi. Sikusema pia ameota nani.

Bibi aliweka kikombe chini. Akamkataza baba mdogo kutoka. Deo alinung'unika, akabaki. Kabla ya saa sita ukingo wote uliporomoka. Koleo aliloliacha kule halikuonekana tena.

Bibi alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. "Mama yangu amerudi! Damu yake hii!" Baba akaniwekea mkono kichwani. "Ni Roho wa Mungu, Mama. Usimpe marehemu sifa ya Mungu." Wakaendelea hivyo siku mbili, kila mmoja akinivutia kwake, na wote walikuwa na furaha. Kuku akachinjwa, nikapewa firigisi, ambayo kwetu hapewi mtoto. Zuhura aliosha vyombo. Nami nilikula, nikanyamaza, kwa sababu ilikuwa tamu. Hasira yangu inaanzia hapo, kwangu mimi mwenyewe.

Siku ya tatu jirani aliniletea mtoto wake mchanga aliyekuwa na homa, akataka nimshike nimwambie kama atapona. Nilipouona uso wa yule mtoto, nikashindwa. "Siyo mimi," nikasema mbele ya wote. "Aliyeota ni Zuhura."

Jirani akamchukua mtoto wake, akaondoka. Bibi akamgeukia Zuhura.

"Ulijuaje?"

"Niliota, Bibi."

"Mtoto wa watu aote shimo la kwetu? Nani amekutuma?"

Nilimtazama baba. Nilikuwa na uhakika atasema Mungu humpa amtakaye. Baba alijipangusa paji la uso. "Hata hajabatizwa," akasema. "Si kila roho inatoka kwa Mungu."

Ndiyo mara pekee niliyowaona wawili hao wakikubaliana. Neno uchawi halikutajwa. Halikuhitajika.

Wiki haikuisha, Zuhura akapandishwa basi la kwenda Tunduru kwa mjomba wake. Mama alilia akimkunjia nguo, lakini alizikunja. Baba mdogo Deo, aliyekuwa hai kwa sababu ya mtoto yule, alimbebea begi mpaka stendi, akalipakia kwenye basi. Pale stendi Zuhura alimfuata baba akampigia goti. "Shikamoo, Baba. Asante kwa kunilea." Baba hata marahaba hakuitikia. Aliangalia saa yake.

Bibi ameshazikwa, baba naye. Hawakuwahi kulitaja jina la Zuhura tena, na mimi sikuwahi kuwauliza. Nilipopata ujasiri walikuwa wameshakuwa wazee wanaohitaji kushikwa mkono kwenda chooni, na hasira ikakosa mahali pa kwenda.

Mwaka jana nilipata namba ya Zuhura, nikamfuata Tunduru. Ana shamba la mikorosho na watoto wanne. Nilimwomba msamaha, akasema alishasamehe, akanimiminia uji. Nikamuuliza kama bado anaota.

"Naota," alisema. "Ila simwambii mtu. Sasa na huyu binti yangu wa mwisho ameanza. Nimemfundisha anyamaze."

Binti huyo alikuwa mlangoni, miaka minane au tisa, ananitazama. Nilimsalimia, akaitikia kwa kichwa tu.

Basi pengine Bibi alisema kweli, ni damu. Au baba alisema kweli, na Mungu amempa tena amtakaye. Mimi sijui kipawa cha mtoto yule kimetoka wapi. Lakini ukimya wake najua ulikotoka. Ulitoka nyumbani kwetu.