Mbwa wa Kitsa na Njia ya Mutwanga

Zamani mbwa alikwenda shambani na mtu wake na kurudi naye jioni, na siku hizi mbwa wa hapa mjini Butembo anafungwa mnyororo nyuma ya ukuta wenye vipande vya chupa, huku tajiri aliyemnunua sokoni akimwogopa kuliko mwizi.

Nasema hivyo kwa sababu nilimjua mtu ambaye maisha yake yote hakununua mbwa wala hakuuza. Jina lake Kitsa, mume wa mdogo wangu Abigaïl, mlimaji wa kahawa kule Mutwanga, chini ya Ruwenzori. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miguu mipana, Mprotestanti kama sisi, lakini si wa kukaa benchi la mbele. Hakuna aliyeandika habari zake. Wanaoandikwa ni waliojenga magorofa na waliobeba bunduki. Hao wana watu wao wa kuwasifu.

Mbwa wa nyumba yake walikuwa wa ukoo mmoja. Babu yake alipewa jike na wawindaji, na watoto wa jike yule walienea nyumba kwa nyumba mpaka Lume, bila mtu kutoa kitu. Aliyetaka mbwa alikuja kuomba kama anayeomba mchumba. Aliketi, akaulizwa nani anabaki nyumbani mchana, na watoto wake wana tabia gani. Akikubaliwa, alipewa mtoto wa mbwa ndani ya kitunga kilichofunikwa kwa majani ya mgomba, ili mbwa asione njia. Akifika kwake alimzungusha kwenye mafiga, kisha akampa chakula. Mbwa aliyesafiri hivyo hakurudi alikotoka. Aliyeiona njia alirudi, hata kama mlipita milima. Kila mtu alijua. Leo ukimweleza kijana atakucheka, na kesho yake mbwa wake wa kununua anapotea, anakwenda kuweka tangazo redioni.

Mbwa wa kwanza wa Kitsa niliyemjua vizuri aliitwa Diacre, yaani shemasi. Alikuwa mweusi mwenye kifua cheupe, na kila Jumapili, siku ya Mungu, alitangulia kanisani na kulala mlangoni mpaka ibada iishe. Shemasi wetu wa kweli, Manassé, alikasirika. Alimwendea Kitsa mbele ya watu, akamwambia abadili jina la mnyama yule, maana wimbo ukianza watoto wanacheka.

Kitsa alivua kofia. "Diacre," akasema, "ile mbwa inafikaka kanisani mbele yako. Nilimupatia jina ya kazi yake. Siku utaanza kumutangulia, nitamuita Mukristo tu."

Watu walicheka wiki nzima. Manassé mwenyewe alicheka mwishoni, na miezi michache baadaye alikuja kuomba mtoto wa mbwa, akaketi, akaulizwa maswali kama wengine.

Diacre alikufa kwa uzee mwaka wa 1996, siku zile vita vilipopita kwetu mara ya kwanza. Watu wa Mutwanga walikuwa wakikimbilia mashambani, magodoro kichwani. Kitsa hakukimbia asubuhi ile. Alikuwa kati ya kahawa yake akichimba kaburi dogo. Waliopita njiani waliona mtu anachimba, wakaona mke wake amesimama karibu, kitambaa kichwani, wakafikiri wamefiwa na mtoto. Wakatua mizigo. Mama mmoja mzee akaanzisha wimbo wa mazishi, wengine wakaitikia, na mtu akaomba sala ndefu huku mizinga ikisikika upande wa Beni. Walikuwa wamefika ubeti wa tatu ndipo Kitsa alipomleta marehemu, amefungwa ndani ya mkeka.

Wengine walitukana, wakachukua magodoro yao. Yule mama mzee hakuondoka. Alisema wimbo umekwisha kuanzishwa, haukatwi katikati, akaumaliza. Kitsa alitia udongo, akapigapiga juu kwa jembe. "Diacre, umetumika muzuri," akasema. "Sasa lala." Kisha Abigaïl akapika chai, wakanywa na yule mama, wakikumbuka jinsi Diacre alivyoiba samaki wa mchungaji, na baadaye tu ndipo wakaenda kujificha. Mdogo wangu ndiye aliyenisimulia, na kila mara alisimulia akicheka. Hivyo ndivyo walivyoaga mbwa katika nyumba ile: udongo, neno moja la shukrani, na kucheka kidogo siku hiyohiyo.

Baada ya Diacre alibaki jike mmoja wa ukoo ule, Pilipili, mwekundu, masikio yamesimama. Mbwa wengine waliopelekwa kwa watu, vita viliwamaliza: huyu alipigwa risasi, yule aliachwa katika nyumba iliyofungwa, mwingine askari wenye njaa walimla. Kitsa alikuwa akiuliza habari zao kama mtu anayeuliza habari za wajomba. Mwishowe alijua kwamba Pilipili akipotea, hakuna mahali pengine pa kwenda kuomba.

Mwaka wa 2000 wapiganaji wa mlimani waliteremka tena, na mara hii Mutwanga nzima ilihama. Niliwatumia neno waje kwangu Mususa, hapa Butembo, ambako nilikuwa na karakana ya useremala na chumba nyuma. Walikuja kwa miguu. Abigaïl alibeba sufuria na blanketi. Kitsa alibeba Pilipili ndani ya kitunga, mgongoni, kamba kwenye paji la uso, namna wanawake wanavyobeba mihogo, na juu amemfunika kwa kitenge cha mke wake. Wanaume wenzake walimcheka njia nzima. Alitaka mbwa akae Butembo, kwa hiyo mbwa asione njia.

Kwenye daraja la Semuliki kulikuwa na kizuizi. Askari mmoja alidhani ndani ya kitunga mna nyama ya pori.

"Fungula," akasema.

Kitsa alimwambia ni mbwa, na kwamba kumfungua hapa kutaharibu safari. Askari akaona anafichwa kitu, akavuta kitenge mwenyewe. Pilipili akainua kichwa. Akatazama maji, akatazama daraja, akageuka akatazama mlima walikotoka, akinusa. Askari wote wakaangua kicheko, wakawaacha wapite bila kuwadai chochote, jambo lisilotokea mara nyingi. Abigaïl alifurahi. Kitsa alifunika tena kitunga, lakini walipovuka alisimama. "Ameona mto," akasema, akaikaza kamba, wakaendelea mpaka Beni.

Walipofika kwangu alimzungusha Pilipili kwenye mafiga, pole pole, kama ilivyotakiwa. Mbwa akala, akalala. Lakini kila asubuhi aliketi kwenye kona ya karakana, pua imeelekea barabara ya Beni. Mimi nilikuwa na mnyororo mzuri wa kufungia mbao. Nikampa Kitsa, nikamwambia amfunge hata wiki mbili, mpaka azoee. Kitsa alikuwa ameona mwenyewe kwamba Pilipili ndiye wa mwisho.

"Shemeki," akaniambia, "mbwa ya kufunga ni mulango tu. Milango uko nayo mingi hapa kwako."

"Atakimbia, na kule watamuua."

"Naweza mubembeleza. Kumufunga, hapana."

Akambembeleza kweli. Alimpa ugali wa moto, alitembea naye mpaka sokoni, alimwonyesha mtaa kama mtu anayemwonyesha mgeni. Alipata kazi ya kupasua mbao nami, na Pilipili alilala kwenye takataka za randa. Nilianza kuamini kwamba ile habari ya njia ni maneno ya wazee tu. Nilikuwa nimesoma vitabu vyangu vichache na nilijiona nimeelimika. Asubuhi moja ya mvua Pilipili hakuwepo.

Kitsa alifanya kazi siku ile kama kawaida. Abigaïl ndiye aliyelia, maana mbwa alikuwa na mimba. Tulimuuliza kila dereva wa pikapu atokaye Beni. Mmoja alisema ameona mbwa mwekundu huko Maboya, njia ya Beni, akitembea pembeni ya barabara "kama mutu mwenye haraka." Basi tukajua upande. Hatukujua kama atapita daraja, wala kizuizi, wala wenye njaa waliokuwa nyuma yake.

Wiki nyingi zilipita. Kisha akaja Ananie, jirani yao wa Mutwanga, aliyekuwa anarudi kule mchana kuchuma kahawa yake na kukimbia jioni. Alikuwa amekuja Butembo kutafuta dawa. Aliketi karakanani, akanywa maji, akatusalimu wote, akauliza habari za kila mtu, ndipo akasema.

"Kitsa, kwako iko mutu. Analala ku mulango, iko na batoto bane. Nilitaka kuchukua ngazi yako, akanikatalia."

"Pilipili?"

"Ni yeye mwenyewe. Ngazi ningali naihitaji. Kuja umuambie miye ni jirani."

Kitsa alicheka mpaka akaweka msumeno chini. Sijamwona mtu akicheka vile katika miaka ile yote ya vita. Jioni aliniambia wanarudi. Nilipinga kwa nguvu. Nilimwambia mlima bado una bunduki, kahawa imeanza kukauka kwa ugonjwa, na huwezi kumpeleka mke penye risasi kwa ajili ya mbwa. Nilimgeukia Abigaïl anisaidie. Alikuwa anafunga sufuria.

"Yaya," akaniambia mimi mkubwa wake, "mbwa ametangulia kufungula nyumba. Sisi tukae huku tunangoja nini?"

Walirudi. Hawakuishi kwa amani kila siku. Walilala porini mara nyingi, na Pilipili na watoto wake walijua kunyamaza wakati wa kunyamaza. Lakini ukoo ulirudi. Watu waliporudi Mutwanga mmoja mmoja, walipita kwa Kitsa kuomba, wakaketi, wakaulizwa. Hata Manassé alipata mwingine. Kahawa ilipokufa, Kitsa alipanda kakao. Yeye na Abigaïl wote wamefariki sasa, kila mmoja kitandani mwake, jambo ambalo katika nchi hii si dogo.

Niliwaona mara ya mwisho mwaka wa 2003, siku zile waliposema vita vimekwisha. Nilikaa kwao siku chache, nikala vizuri. Asubuhi ya kuondoka pikapu ilinikuta mbele ya nyumba, dereva akiwa bado anafunga magunia. Kitsa alinipa mkono na kusema jua limepanda, gari litanibeba bila msaada wake. Abigaïl akatangulia na jembe begani, akiniita niwasalimie watu wa Mususa. Kitsa akamfuata, na mabinti wawili wa Pilipili wakimpita huku na huku miguuni. Pilipili mwenyewe, mdomo umekuwa mweupe, alibaki nyuma kidogo. Alinusa gurudumu la pikapu, akachuchumaa akakojoa karibu yake, kisha akakimbia kuwafuata kwenye kakao.