Reklesli wa Sadala

Mwaija alikuwa mke wa dereva, na wake wa madereva pale Manundu walijua kunusa mashati ya waume zao. Kwa hiyo siku ile ya mwaka wa sabini na nne, alipopita na ndoo ya maji nyuma ya kibanda cha chai akasikia madereva wawili wakimtaja mumewe, alisimama.

"Sadala kaponzwa na reklesli," alisema mmoja.

"Na bado!" akajibu mwenzake.

Reklesli. Jina gani hilo? Si la Kizigua wala la Kishambaa. Labda mwanamke wa huko kwenye mashamba ya mkonge, mwenye jina la ubatizo na viatu vya visigino.

Tangu hapo kila kitu kilimtia shaka. Sadala alikuwa akisomba familia kwa lori kuzipeleka kwenye vijiji vipya vya ujamaa huko Handeni. Sasa alirudi nyumbani jua lingali juu, shati halina vumbi. Chakula alikidonoa tu. Mtu akipiga hodi, alishtuka.

"Reklesli ni nani?" alimuuliza siku moja akimnawisha mikono.

Sadala aliirudisha mikono, maji yakamwagika. "Umelisikia wapi?"

"Nimeuliza ni nani."

"Maneno ya madereva hayo." Akainuka bila kula.

Mwaija akajitanda kanga, akaenda kwa Mwalimu Dominiko, aliyewafundisha watu wazima kusoma.

"Mwalimu, Reklesli ni jina la watu wa wapi?"

Mwalimu hakucheka. Alichukua chaki akaandika ubaoni: recklessly. "Si jina, mama. Ni neno la Kiingereza." Akalikata vipande. Kile cha mwanzo ni neno la kale mno, maana yake kujali. Waingereza wenyewe siku hizi hawalitumii peke yake. Cha pili ni bila. Kijimkia cha mwisho chaonyesha namna jambo linavyofanywa. "Kufanya jambo bila kujali kitakachotokea. Lakini si ovyo tu, kama mtu anavyofagia ovyo. Huyu hatari anaiona, anaipuuza. Trafiki hulitumia wakimshtaki dereva."

Mwaija alitaka kucheka kwa furaha, kisha neno la mwisho la Mwalimu likamrudia. Dereva.

Alipofika nyumbani hakungoja hata kukaa. "Umemuumiza nani?"

Sadala akasema yote. Kwenye mteremko karibu na Chanika ya Handeni, nyuma amepakia familia ya wafugaji na vyombo vyao, aliweka gia huru akaliachia lori literemke lenyewe, awahi safari nyingine. Utingo alimpigia kelele, akamwambia anyamaze. Kwenye kona bibi mmoja, Sinyati, alirushwa nje akavunjika nyonga. Kazini amesimamishwa, kesi inangojwa, na siku zote hizo alikuwa akiaga kwenda kazini, kumbe alishinda gereji akiosha magari ya wenzake.

"Niliona heri unidhanie nina mwanamke," alisema.

Kesho yake walikwenda Handeni pamoja. Sinyati alikuwa amelazwa kwenye ngozi, kando ya nyumba isiyo na paa bado.

"Shikamoo, bibi," alisema Mwaija. Sadala alisimama nyuma yake.

Bibi alimtazama Sadala sana. "Wewe ndiye dereva. Ulitusikia tukigonga mabati ya gari?"

"Nilisikia."

"Haya. Nilitaka kujua hilo tu." Akageuza uso ukutani.

Mahakamani Sadala alikiri. Alifungwa, leseni ikachukuliwa, na alipotoka akarudi kulima mahindi na mkewe. Waliishi vizuri. Ila kila alipoaga, Mwaija alisimama mlangoni akimfuata kwa macho, mpaka ahakikishe ameshika njia aliyoitaja.